Kipandikizi cha koklea, cha mfupa au cha shina la ubongo: kipi kinamfaa mtoto asiyesikia?

Wazazi wengi hufika kliniki wakiwa na jina la kifaa kimoja mdomoni, kile cha koklea, kwa sababu ndicho kilichoonekana kwenye video: kinawashwa, mtoto anashtuka, anatabasamu, mama analia. Video hizo hazidanganyi, ila zimechagua mtoto wa kuonyesha. Watoto wengine siku hiyo hulia kwa hofu au hukaa kimya tu, na baadaye hufanya vizuri vilevile.

Swali la kutangulia ni hili: sauti inakatikia wapi? Sikio la nje na tundu lake hukusanya mawimbi ya sauti. Kiwambo na vifupa vitatu vya sikio la kati huyasukuma ndani. Koklea, ile yenye umbo la konokono, huyageuza kuwa umeme kwa seli zake zenye vinyweleo. Neva ya kusikia huubeba umeme huo hadi kwenye shina la ubongo, sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo. Kila kipandikizi huruka sehemu iliyoharibika na kutegemea kila kilichobaki mbele yake. Kile cha mfupa hutetemesha fuvu, na hivyo huruka sikio la nje na la kati, lakini bila koklea inayofanya kazi hakina maana. Kile cha koklea huruka vinyweleo, lakini kinaitaka neva. Kile cha shina la ubongo huiruka hata neva yenyewe.

Kwa hiyo tutavilinganisha vyote vitatu kwa vigezo vilevile: mahali pa tatizo, umri, upasuaji wenyewe, kile mtoto atakachosikia, yanayoharibika, na mzigo wa kila siku baada ya kutoka hospitali. Kigezo cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho kinachoamua kama kifaa kitakuwa sikioni au kabatini baada ya miaka mitatu.

Sauti inakatikia wapi

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Mwangwi wa koklea (OAE) unaonyesha kama vinyweleo vinaitikia. Kipimo cha mawimbi ya neva (ABR), ambacho mtoto hufanyiwa akiwa amelala na elektrodi (vipande vidogo vya kupitisha umeme) zimebandikwa kichwani, kinaonyesha kama umeme unafika kwenye shina la ubongo. Kipimo cha shinikizo la sikio la kati kinaonyesha kama kuna majimaji nyuma ya kiwambo. Halafu MRI (picha ya sumaku) huangalia kama neva ipo na unene wake, na CT (picha ya eksirei ya tabaka) huangalia umbile la mfupa na la koklea.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kupima mtoto mwenye majimaji kwenye sikio la kati na kuyachukua majibu kama ya kudumu. Majimaji peke yake yanaweza kuongeza upotevu wa usikivu wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 40, hivyo yatibiwe kwanza, kisha kipimo kirudiwe. La pili ni kusoma ABR tupu kama ushahidi kwamba hakuna usikivu wowote. ABR ya mlio mfupi hupima zaidi sauti nyembamba, na mtoto anaweza kuwa na mabaki ya usikivu wa sauti nzito. Tena, mwangwi ukiwepo huku ABR ikiwa tupu, tatizo huenda liko kwenye neva au kwenye muungano wake na vinyweleo. Mtoto huyo anahitaji MRI kabla ya mtu yeyote kutaja kifaa.

Kipandikizi cha koklea ni cha mtoto ambaye vinyweleo vimekufa, neva ipo, na shimesikio (kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni bila upasuaji) yenye nguvu haimpi maneno. Kiwango hutofautiana na nchi. Uingereza, tangu 2019, huanza kufikiria upandikizaji mtoto asiposikia chini ya desibeli 80 katika masafa (viwango vya wembamba wa sauti) mawili au zaidi kati ya hezi 500 na 4,000, bila kifaa. Kwa kawaida shimesikio hujaribiwa kwa miezi mitatu hadi sita kwanza. Jaribio hilo si kupoteza muda: humzoesha mtoto kuvaa kitu kichwani, na baadhi ya watoto hugundulika kwamba inawatosha.

Kipandikizi cha mfupa ni cha mtoto ambaye koklea yake ni nzima au karibu nzima, ila sauti haiifikii. Huyu ni yule aliyezaliwa bila tundu la sikio, mwenye vifupa visivyosogea, au mwenye sikio linalotoa usaha kila mara na kwa hiyo haliwezi kuzibwa. Upotevu wa aina hii huishia karibu desibeli 60. Koklea yenyewe ikipimwa kupitia mfupa, iwe ndani ya desibeli 45 kwa vifaa vingine, 55 kwa vingine, na kama 65 kwa vile vyenye nguvu zaidi vinavyoshikwa na skrubu kwenye fuvu. Hutumika pia kwa mtoto kiziwi wa sikio moja, ambapo kifaa hupeleka sauti upande mzima kupitia fuvu. Hapo ieleweke kwamba bado anasikia kwa sikio moja, kwa hiyo kujua sauti imetoka wapi kutabaki kugumu.

Kipandikizi cha shina la ubongo ni cha wachache: wasio na neva ya kusikia pande zote mbili, wasio na koklea kabisa, au ambao koklea zao zimejaa mfupa kiasi kwamba elektrodi haipiti. Kilianza mwaka 1979 kwa watu wazima wenye uvimbe wa neva zote mbili za kusikia. Matumizi kwa watoto wadogo waliozaliwa bila neva yalianzia Italia miaka ya mwanzo ya 2000.

Umri, na haraka isiyofanana

Kwa koklea, saa inakimbia. Njia za kusikia za ubongo hujijenga kwa kutumika. Mtoto aliyezaliwa kiziwi akipata sauti kabla ya miaka mitatu na nusu, njia hizo kwa kawaida hukomaa karibu na za wenzake. Akiipata baada ya miaka saba bila kuwahi kusikia, mara nyingi hazikomai hivyo. Marekani iliruhusu kifaa hiki kwa watoto wa miaka 2 mwaka 1990, ikashuka hadi miezi 12 mwaka 2000, na miezi 9 mwaka 2020. Mtoto wa miaka kumi aliyezaliwa kiziwi na hajawahi kuvaa kifaa atapata mlio wa gari na jina lake kuitwa. Kumwahidi mazungumzo ya simu ni kumtendea isivyo haki. Aliyepoteza usikivu akiwa na miaka minane, akiwa tayari anaongea, ni habari nyingine kabisa. Huyo hufaidika haraka.

Dharura ya kweli ni mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Koklea yake inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache. Apimwe usikivu ndani ya wiki nne baada ya kupona, na akionekana kiziwi afanyiwe MRI mara moja. Hapa hakuna kusubiri jaribio la shimesikio la miezi sita. Wengi huwekewa masikio yote mawili kwa pamoja kabla njia haijafunga.

Kwa mfupa, hakuna haraka ya upasuaji, kwa sababu kifaa chenyewe huvaliwa tangu uchanga kwenye mkanda laini wa kichwa. Skrubu ina urefu wa milimita 3 au 4, na fuvu la mtoto mdogo ni jembamba na laini. Ndiyo maana Marekani huruhusu upandikizaji kuanzia miaka 5. Kosa la kawaida ni familia kuambiwa "mrudi akifika miaka mitano" bila kupewa mkanda. Miaka hiyo mitano ndiyo ya kujifunza lugha.

Kwa shina la ubongo, vituo vingi husubiri hadi karibu miezi 18 kwa sababu mtoto mchanga ana damu kidogo na hustahimili vibaya upasuaji mrefu wa kichwa. Lakini ubongo wake una dirisha lilelile la muda wa kujifunza kusikia, hivyo kusubiri hadi miaka sita au saba hupunguza sana faida.

Upasuaji wenyewe

Wa koklea huchukua kama saa mbili hadi tatu kwa sikio moja, chini ya nusu kaputi. Mkato hupita nyuma ya sikio. Mfupa wa hapo hutobolewa, na daktari hupita kwenye uwazi mwembamba kati ya neva inayoendesha misuli ya uso na ile ya ladha, hadi kwenye dirisha la mviringo la koklea. Uzi wa elektrodi huingizwa taratibu, maana kuusukuma kwa nguvu huharibu mabaki ya usikivu. Elektrodi ni 12, 16 au 22 kutegemea mtengenezaji, na wingi wake peke yake si kipimo cha ubora. Kabla ya kushona, timu hupima kama kila elektrodi inapitisha umeme na kama neva inaitikia. Mtoto mara nyingi hutoka siku inayofuata. Kifaa huwashwa wiki mbili hadi nne baadaye, kidonda kikishapona.

Wa mfupa ni mdogo zaidi, ila una aina tatu ambazo watu huzichanganya. Skrubu ya titani inayotokeza nje ya ngozi hupitisha sauti vizuri, na kwa watoto huachwa miezi mitatu hadi sita ishikane na mfupa kabla ya kubebeshwa kifaa. Sumaku tulivu chini ya ngozi haiachi kidonda wazi, lakini ngozi iliyo katikati hula sehemu ya sauti, hasa ile nyembamba, ambako ndiko zilipo "s" na "sh". Aina ya tatu huweka kitetemeshi chenyewe chini ya ngozi, na sauti haipotei njiani. Ila huhitaji nafasi ndani ya fuvu, na CT hutumika kupima unene. Modeli moja ya zamani ilitaka shimo la karibu milimita 9. Iliyofuata inahitaji kama nusu ya hapo.

Wa shina la ubongo ni upasuaji wa ubongo, usilainishwe jina. Fuvu hufunguliwa, na bamba dogo lenye elektrodi huwekwa juu ya kituo cha kwanza cha kusikia kwenye shina la ubongo. Mahali hapo hapaonekani kwa jicho, hivyo timu huongozwa na majibu ya umeme. Baada yake mtoto hulazwa chumba cha uangalizi maalumu. Kuwasha mara ya kwanza hufanywa huku mapigo ya moyo yakifuatiliwa, kwa kuwa neva zinazogusa moyo na kupumua ziko jirani.

Mtoto atasikia nini

Kifaa cha mfupa ndicho chenye sauti ya asili zaidi, kwa sababu koklea ni yake mwenyewe. Siku kikiwashwa, anasikia. Akiwa hana tatizo jingine, lugha hufuata mkondo wa kawaida.

Kifaa cha koklea hufungua sauti ndogo sana, karibu desibeli 20 hadi 30, lakini kusikia si kuelewa. Mwezi wa kwanza ni milio. Mtaalamu hupanga ramani ya umeme: kiwango cha chini ambacho mtoto huanza kuitikia na cha juu anachostahimili, kwa kila elektrodi. Umri wake wa kusikia huhesabiwa kuanzia siku hiyo. Mtoto wa miaka miwili mwenye miezi sita ya kifaa asilinganishwe na wa miaka miwili. Waliowekewa mapema na kuvaa siku nzima wengi huongea na kusoma shule za kawaida. Kelele za darasani na muziki hubaki vigumu hata kwao. Masikio mawili husaidia kwenye kelele na kujua sauti ilikotoka, na yakifanywa kwa wakati mmoja huwa bora kuliko kuachana kwa miaka.

Kifaa cha shina la ubongo huwapa wengi kutambua sauti za mazingira na msaada wa kusoma midomo. Wachache hufikia kuelewa maneno bila kuangalia mdomo, na hiyo huchukua miaka. Familia inayokichagua ianze lugha ya alama kabla ya upasuaji.

Na kwa vifaa vyote vitatu, lugha ya alama haimzuii mtoto kuongea. Kifaa hukatika, betri huisha, mtoto huoga na kuogelea. Mtoto mwenye lugha kamili mikononi habaki bubu siku hizo. Ushauri wa "msimwonyeshe alama, atazembea kuongea" umewaacha watoto wengi bila lugha yoyote.

Yanayoharibika

Koklea: mtoto mwenye kipandikizi yuko kwenye hatari kubwa kidogo ya homa ya uti wa mgongo kuliko wengine, hivyo chanjo ya nyumokoka (bakteria mmojawapo wa ugonjwa huo) ikamilike angalau wiki mbili kabla. Maambukizi ya sikio baadaye yatibiwe siku hiyohiyo. Neva ya uso hudhurika mara chache. Kifaa cha ndani chenyewe kinaweza kufa na kulazimu upasuaji wa pili. Dalili ni mtoto kukataa kuvaa ghafla, kupoteza sauti alizokuwa akizijua, au shavu kutikisika anaposikia. Kipigo kichwani kinaweza kuhamisha sumaku.

Mfupa: ngozi inayozunguka skrubu huvimba, hutoa majimaji, au huota juu yake, isafishwe kila siku kwa brashi laini. Skrubu inaweza kulegea, na watoto huzipoteza zaidi ya watu wazima, mara nyingi kwa kuanguka. Kwenye aina ya sumaku, wekundu usioisha baada ya kifaa kuvuliwa maana yake sumaku ina nguvu mno. Ibadilishwe kabla ya kidonda.

Shina la ubongo: kuvuja kwa majimaji ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, bamba kusogea. Baadhi ya elektrodi huleta kikohozi, kizunguzungu au msisimko kooni, na hizo huzimwa. Zikizimwa nyingi, sauti iliyobaki hupungua ubora.

Kwa vyote vyenye sumaku au waya ndani, kadi ya kifaa itembee na mtoto. Kabla ya MRI, daktari ajue modeli, maana nyingine zinahitaji bandeji ya kubana na nyingine kutolewa sumaku. Kabla ya upasuaji wowote wa shingo au kichwa, hata wa tezi za koo, timu ijue kwamba kisu cha umeme cha ncha moja hakiruhusiwi hapo kwa mtoto mwenye kipandikizi cha koklea au cha shina la ubongo.

Kazi ya kila siku

Koklea na shina la ubongo hudai ratiba: kurekebishwa kila baada ya wiki chache mwanzoni, kisha kila miezi mitatu hadi sita, kisha mara moja kwa mwaka, pamoja na mafunzo ya kusikiliza na kuongea kila wiki kwa miaka. Vya mfupa hudai ziara chache zaidi.

Kinachokatika zaidi ni waya wa kuelekea kwenye koili, kile kiduara kinachoshikwa na sumaku kichwani. Ziwepo mbili nyumbani. Unyevu ndio adui wa pili, hivyo kifaa kilale kwenye chombo cha kukaushia kila usiku. Betri ndogo za kidonge zifungiwe mbali na mtoto: akimeza moja, koo linaweza kuungua ndani ya saa mbili, akimbizwe hospitali bila kusubiri dalili. Prosesa, yaani sehemu ya nje inayovaliwa yenye maikrofoni, hubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na bei ya kubadilisha iulizwe kabla ya upasuaji wa kwanza.

Kila asubuhi fanya jaribio la sauti sita: m, u, i, a, sh, s. Ziba mdomo kwa mkono, simama mita moja, kisha tatu, sema moja moja bila mpangilio. Akikosa "s" pekee, angalia kifuniko cha maikrofoni. Akikosa zote, badilisha betri, kisha waya, kisha piga simu kliniki.

Kwa hali ya mtoto wako

Amezaliwa bila matundu ya masikio na koklea ni nzima: mkanda laini wa mfupa sasa hivi, mazungumzo ya upasuaji baadaye. Kama mna mpango wa kumtengenezea masikio ya nje, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile ahusishwe kabla ya kuchagua mahali pa skrubu, ili kovu lisiharibu kazi yake.

Ni kiziwi kabisa pande zote, MRI inaonyesha neva, hajafika miaka mitatu: koklea, masikio yote mawili kama inawezekana, huku shimesikio ikivaliwa hadi siku ya upasuaji.

Ametoka kwenye homa ya uti wa mgongo: koklea, na kila wiki ina uzito. Mkikuta mfupa umeshajaa pande zote, ndipo suala la shina la ubongo linapofunguliwa.

Neva inaonekana nyembamba lakini ipo: vituo vingi hujaribu koklea kwanza, kwa sababu MRI wakati mwingine haioni nyuzi zilizopo. Asipoitikia baada ya miezi kadhaa ya marekebisho ya makini, mnaenda hatua inayofuata mkiwa hamjapoteza dirisha.

Neva haipo pande zote: shina la ubongo kwenye kituo chenye timu iliyowahi kuwafanyia watoto, au lugha ya alama bila upasuaji. Yote mawili ni maamuzi ya watu wazima wenye akili, na familia isilaumiwe kwa kuchagua la pili.

Ana zaidi ya miaka minane, kiziwi tangu kuzaliwa, anaongea kwa alama: aulizwe yeye. Kifaa asichokitaka hakivaliki.

Mnaishi mbali na mtaalamu wa marekebisho: ulizeni kama kituo hurekebisha kwa mtandao, nani hukarabati, na vipuri hufika baada ya siku ngapi. Majibu yakiwa hafifu na mtoto ananufaika angalau kidogo na shimesikio, jengeni kwanza njia ya kufika kwenye huduma, kisha ndipo mpange tarehe.